Kazi ya nyumbani ya hisabati mtandaoni: anza na kosa, kisha tafuta nyenzo

Walimu wengi huchagua tovuti kwanza, halafu somo likalazimika kuifuata tovuti. Geuza mpangilio huo. Pitia madaftari ya wiki iliyopita, andika makosa mawili au matatu yanayojirudia, ndipo utafute nyenzo inayoyagusa hayo. Kazi nzuri ya mtandaoni ni ile ambayo mwanafunzi akikosa, unajua amepotelea wapi.

Chukua 1/2 + 1/3. Tunga swali la kuchagua lenye majibu manne: 5/6, 2/5, 2/6 na 1/6. Aliyechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wa 2/6 ameipata asili ya pamoja lakini hakubadili viasi. Wa 1/6 amezidisha. Hayo ni makosa matatu, na kila moja lina dawa yake. Ukijaza nafasi kwa majibu ya kubahatisha kama 7/9, utajua tu kwamba mtoto amekosa.

Swali hilo unaweza kuliweka kwenye Google Forms. Fungua fomu mpya, ingia kwenye mipangilio, igeuze iwe jaribio, kisha weka jibu sahihi na alama za kila swali. Fomu inakupa nafasi moja tu ya maelezo kwa majibu yote yasiyo sahihi, kwa hiyo wa 2/5 na wa 2/6 wangesoma maneno yaleyale. Ili kuwatenganisha, tengeneza kurasa ndogo ndani ya fomu, kisha kwenye swali la kuchagua washa mpangilio wa kumpeleka mtu kwenye ukurasa kulingana na jibu lake. Wa 2/6 afikie ukurasa unaouliza: “1/2 ni sawa na ngapi chini ya 6?” Fanya hivyo kwa swali moja au mawili tu. Ukifanya kwa maswali kumi, kurasa zitakuchanganya hata wewe uliyezitengeneza.

Majibu ya kuandika yana mtego wake. Fomu hulinganisha maandishi, haipigi hesabu. Ukiweka 0.5 kuwa jibu sahihi, aliyeandika 1/2 anapata sifuri, na aliyeandika x = 6 pale ulipoweka 6 yanamkuta hayohayo. Orodhesha kila namna ya kuandika unayoikubali, na ndani ya swali lenyewe sema wazi: “Andika namba tu, bila x wala kizio.” Shule yenye mtu wa kusimamia Moodle, yaani mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ina njia bora zaidi, nayo ni maswali ya STACK, ambayo hutumia programu ya aljebra ya Maxima na hutambua kwamba 2(x + 3) na 2x + 6 ni kitu kimoja.

Zuia pia fomu isionyeshe majibu sahihi kabla ya muda wa mwisho. Wa kwanza kumaliza akiyaona, darasa zima litakuwa nayo jioni hiyohiyo.

Kuna pia programu zinazopiga picha swali na kulitatua hatua kwa hatua, kama Photomath. Kuzikataza kazi ya nyumbani hakufai kitu. Badilisha aina ya swali. Mpe mwanafunzi utatuzi wenye kosa:

3(x − 2) = 12
3x − 2 = 12
3x = 14

Muulize kosa limeanzia mstari gani, na kwa nini. Hapa hatafuti x peke yake. Lazima aone kwamba 3 haikuzidishwa kwa −2, kisha aandike kwa maneno yake. Ukitaka kuona njia yake, mwambie atume picha ya ukurasa wa daftari. Penseli iliyofifia haisomeki pichani, kwa hiyo aandike kwa kalamu.

Kwa grafu, tumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001. Andika y = m*x + c, nayo itakupa vitelezi vya m na c, yaani vitufe vya kuburuta ili kubadili thamani zake. Kabla ya kugusa chochote, kila mwanafunzi achore kwenye karatasi anachodhani kitatokea m ikitoka 1 kwenda 2, kisha ikawa −1. Hatua hii ndiyo somo lenyewe. Bila hiyo, watoto wanatazama mstari ukizunguka kama wanatazama katuni. Sogeza kitelezi kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo mteremko na sehemu mstari unapokata mhimili wa y vitachanganyika vichwani. Hakikisha pia mihimili ina skeli sawa. Mhimili mmoja ukivutwa, mstari wa m = 1 hautaonekana tena kuwa na pembe ya nyuzi 45.

Video na mazoezi ya Khan Academy unaweza kuyapangia darasa pamoja na tarehe ya mwisho, ukaona nani kafanya nini. Tazama video yote kabla hujaituma, hasa kwa ajili ya alama. Kuna wanaotumia nukta kuzidisha na wanaoitumia kwa desimali, na mpangilio wa kugawanya kwa njia ndefu hutofautiana. Mtoto anayeona namna mbili bila kuelezwa hudhani mojawapo ni kosa.

Intaneti ikiwa ya shida, michezo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder hupakuliwa na kufanya kazi bila mtandao. Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, nayo hukaa kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine darasani vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani. Asiye na kifaa nyumbani apewe maswali yaleyale kwenye karatasi, kwa alama zilezile.

Kuhusu wingi, maswali 8 hadi 10 yanatosha: 5 ya somo la leo, yaliyobaki ya wiki na mwezi uliopita. Yafanye mwenyewe kwa simu, siyo kwa kompyuta yako, maana kwenye simu ndiko sehemu kama 1/2 na vipeuo huharibika. Kama alama haiandikiki vizuri, weka swali kama picha.

Asubuhi, kabla ya kipindi, fungua muhtasari wa majibu. Usianze na wastani wa darasa. Tazama jibu lipi lisilo sahihi limechaguliwa na wengi. Theluthi moja ya darasa wakiwa kwenye 2/6, anza kipindi kwa kuchora mistatili miwili, mmoja umegawanywa mara 2 na mwingine mara 3, kisha uikate yote miwili iwe vipande 6. Wakiwa watatu tu, waite mezani wakati wengine wanaendelea na zoezi.