Kupima na kurekebisha lenzi za kampuni nyingine nyumbani, ukiwa Mtwara au Lindi

Malalamiko ni yale yale kuanzia Chikongola hadi Mikindani: umemlenga bibi harusi jichoni, picha ukiifungua kwenye kompyuta unakuta sikio ndilo limekaa sawa na jicho lina ukungu. Lenzi ikiwa ya kampuni isiyotengeneza kamera yako, kama Sigma, Tamron au Samyang, lawama huenda moja kwa moja kwenye jina lake. Mara nyingi lenzi ni nzima. Kinachotakiwa ni kipimo cha saa moja na marekebisho madogo, na hayo ni bora yafanyike nyumbani kabla ya kuipakia kwenye basi kwenda kwa fundi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, katikati ya msimu wa korosho ambapo sherehe hazipishani.

Tuanze na anayetaka kununua, hasa anayesubiri lenzi mpya zinazotangazwa. Lenzi nyingi mpya za kampuni hizi sasa zinatengenezwa kwa kamera zisizo na kioo (mirrorless). Jina lenyewe linakueleza. Kwa Sigma, DN ni ya kamera isiyo na kioo; DG inafunika sensa (kipande kinachonasa picha) kubwa ya fremu kamili, DC ni ya sensa ndogo ya APS-C. Kwa Tamron, Di III ni ya kamera isiyo na kioo na Di III-A ni hiyo hiyo kwa APS-C, wakati Di na Di II ni za DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani. Ukiwa na DSLR usisubiri tangazo lolote. Nunua iliyotumika na ujifunze kuipima.

Ukiwa na kamera isiyo na kioo, swali la kwanza ni kama lenzi hiyo inatoka kwa mdomo wa kamera yako, yaani pale lenzi inapofungwa. Sony E ndiyo yenye uchaguzi mpana kuliko zote. Nikon Z ilianza kupata lenzi za Tamron 2022 na za Sigma 2023. Canon RF ilibana kwa muda mrefu. Aprili 2024 Sigma na Tamron walitangaza lenzi zenye fokasi ya kujiendesha kwa RF, lakini za APS-C. Kwa hiyo mwenye Canon R6, ambayo ni ya fremu kamili, anayesikia "Sigma ya RF" aulize kwanza kama inafunika fremu kamili, la sivyo atalipia lenzi inayoikata picha pembeni. Toleo la Sony na la Canon la lenzi moja pia si lazima yatoke siku moja. Usilipe kabla ya kuona toleo lako limetajwa kwa herufi zake.

Sasa kipimo. Katika DSLR, ukilenga kupitia tundu la macho, fokasi inapimwa na sensa ndogo iliyo chini ya kioo, si ile inayopiga picha. Njia hizo mbili za mwanga zikitofautiana hata kidogo, fokasi huangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. Kamera isiyo na kioo hupima kwenye sensa ile ile ya picha, kwa hiyo ugonjwa huu karibu haupo huko. Mwenye nayo aruke hadi kwenye programu ya ndani ya lenzi na kipimo cha ukuta. Kosa hilo dogo lina gharama: 85mm kwa apacha (tundu la mwanga la lenzi) ya f/1.8 ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kwenye fremu kamili, eneo lililokaa sawa ni takribani sentimita 6 tu. Uso wa mtu una kina kikubwa kuliko hapo.

Vifaa havina gharama. Chapisha steshenari karatasi ya A4 yenye miraba minene ya nyeusi na nyeupe, ibandike kwenye boksi gumu lililosimama wima. Pembeni yake, karibu kabisa, egesha rula ya sentimita 30 juu ya kadibodi iliyokunjwa mwinamo wa digrii 45, alama ya 15 ikiwa sambamba na uso wa karatasi. Utalenga karatasi, kisha utasoma rula. Wengi hukosea hapa kwa kulenga rula yenyewe: kisanduku cha fokasi kina eneo kubwa kuliko unavyokiona, kinashika namba ya mbele au ya nyuma, na unaishia kurekebisha ugonjwa ambao haupo.

Weka kamera kwenye stendi, kimo sawa na karatasi, umbali wa mara 25 hadi 50 ya urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba yake ya mm: 50mm iwe kati ya mita 1.25 na 2.5, 85mm kati ya 2.1 na 4.25. Ukizoea kupiga kutoka umbali fulani, chagua ulio karibu na huo. Fanya kazi asubuhi kibarazani, kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana. Taa za LED za ndani zenye rangi mbaya huweza kuidanganya sensa ya fokasi, na kuanzia Juni hadi Septemba kusi ikishapamba moto mchana stendi nyepesi haitulii. Fungua apacha hadi mwisho, ISO 100 au 200, zima kidhibiti mtikisiko, tumia kisanduku cha katikati, fokasi ya mara moja, na taima ya sekunde 2.

Piga picha tano kwanza kwa kutumia skrini ya nyuma. Hizo ndizo kigezo chako: zinaonyesha ukali ambao lenzi inaweza kuufikia. Zikiwa na ukungu zote, tatizo si la fokasi na usipoteze muda na namba za marekebisho za kwenye menyu ya kamera. Kisha piga kumi kupitia tundu la macho. Kabla ya tano za mwanzo zungusha pete ya fokasi hadi mbali kabisa, kabla ya tano za mwisho hadi karibu kabisa. Zifungue kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Skrini ya kamera haitoshi kwa uamuzi huu.

Zikiegemea zote mbele ya alama ya 15, yaani upande wa kamera, lenzi inahitaji namba chanya ili fokasi isogee nyuma. Zikiegemea nyuma, namba hasi. Zikitawanyika, moja mbele na nyingine nyuma, usirekebishe chochote: hakuna namba itakayoponya kutawanyika. Ongeza mwanga, safisha vituo vya umeme vya lenzi, rudia. Zikiendelea hivyo, mota au sensa ina kasoro.

Kwenye Canon menyu inaitwa AF Microadjustment, kwenye Nikon AF Fine-tune, zote kuanzia -20 hadi +20. Anza kwa kuruka tano tano, ukiona umepita lengo rudi kwa mbili mbili, na usiamini namba kabla ya kuithibitisha kwa picha kumi mpya. Canon 5D Mark III na 6D zinakubali namba mbili kwa lenzi ya zumu, ya upande mpana na ya upande mrefu. Kamera yenye namba moja tu, ipime pale unapopiga zaidi. Kwa 70-200mm ya harusi hapo huwa 200.

Si kila kamera ina menyu hiyo. Canon 6D, 7D, 70D na 80D zinayo. 60D, 700D, 1300D na 4000D hazina. Nikon D7000, D7200, D750 na D850 zinayo. D3500 na D5600 hazina. Na hapa ndipo lenzi ya kampuni nyingine inapoishinda ya Canon yenyewe, maana Sigma na Tamron wana kituo cha USB kinachorekebisha lenzi bila kuhusisha kamera. USB Dock ya Sigma hufanya kazi na lenzi za DSLR zenye herufi A (Art), C au S, na hukuruhusu kuweka namba kwa umbali nne tofauti. Kwa zumu, umbali nne katika urefu nne, jumla namba 16. TAP-in ya Tamron hukubali lenzi kama 35mm na 45mm f/1.8 za 2015 na zumu za G2, yaani kizazi cha pili. Mwenye 700D na Sigma Art asikifikirie kituo hicho kama anasa. Hakikisha tu kituo ni cha mdomo wa lenzi yako: cha Canon hakiingii lenzi ya Nikon.

Programu ya ndani ya lenzi ndiyo dawa ya kwanza kwa kamera isiyo na kioo inapowinda fokasi au kugoma kuitambua lenzi. Sigma za mdomo wa Sony husasishwa kupitia kamera yenyewe kwa waya wa USB. Tamron mpya nyingi zina tundu la USB-C, na programu yao ipo hata kwa simu za Android. Lenzi nyingi za kampuni ya Viltrox nazo zina tundu hilo. Tumia waya unaopitisha data, kwa kuwa nyaya nyingi za mitaani ni za kuchaji tu, na laptopu yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, lenzi inaweza isiamke tena.

Kipimo cha ukuta huonyesha kioo cha ndani ya lenzi kilichokaa upande. Tafuta ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, simama mbele yake bila kuinama upande, piga kwa apacha iliyo wazi na linganisha kona nne. Kona moja ikiwa mbaya, pindua kamera juu chini na upige tena. Ubaya ukibaki kona ile ile ya fremu, ni lenzi. Ukihamia kona ya mkabala wake, hukusimama sambamba na ukuta.

Lenzi ya fokasi ya mkono, kwa mfano Samyang 14mm f/2.8, huwa na shida nyingine: alama ya mbali kabisa hailingani na ukweli. Usiku Shangani au ufukweni Lindi, weka kamera kwenye stendi, kuza nyota angavu kwenye skrini na utafute inapokuwa nukta ndogo kabisa. Acha pete hapo. Vuta taratibu mpira wa pete ya fokasi, bandua utepe ulio chini yake, utaona skrubu tatu ndogo kuizunguka. Zilegeze bila kuzitoa, zungusha pete ya nje pekee hadi alama ikae mahali pake, kaza moja moja kwa zamu. Usiipime mchana ukilenga ng'ambo ya ghuba. Mvuke wa joto juu ya maji na mchanga hufanya kila kitu kitetemeke.

Ukitumia adapta, ile pete inayounganisha lenzi na kamera ya mdomo mwingine, iangalie kabla ya kushuku lenzi. EF, mdomo wa Canon za DSLR, hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa na RF 20, hivyo adapta lazima iwe milimita 24 kamili. Kwa Sony E, 26. Ikizidi, hutafika mbali kabisa. Ikipungua, utapitiliza.

Lenzi ikicheza mdomoni, kaza skrubu za mdomo kwa kuvuka, kidogo kidogo. Lenzi za Kijapani hutumia skrubu za kiwango cha JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida hufanana nayo lakini huteleza na kula kichwa. Usiung'oe mdomo. Chini yake kuna pete nyembamba za chuma zinazopanga umbali, na ikipotea moja kipimo chote kimeharibika. Chumvi ya bahari kwenye vituo vya umeme, inayoleta ujumbe wa hitilafu Err 01 kwenye Canon, ifute kwa pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kuvu ndani ya vioo, mota inayokwaruza na kioo kilichopinda ni vya fundi.

Ukituma, tuma lenzi pamoja na kamera yake, maana fundi hawezi kupanga fokasi ya DSLR kwa kuona nusu ya jozi. Rudisha namba zote kwenye sifuri na uandike kwenye karatasi zilikuwa ngapi, weka flashi ya USB yenye picha za rula na za ukuta, funga mifuniko yote miwili, na lenzi isafiri ikiwa imetolewa kwenye kamera.