Manjano kwa mwenye vidonda vya utumbo mpana

Ukimpikia mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, usitie manjano kwenye mchuzi unaochemka. Tia nusu kijiko cha chai kwenye mafuta ya moto mdogo, koroga mpaka yageuke rangi, kisha nyunyiza pilipili manga iliyosagwa papo hapo. Kurkumini, ile rangi yenyewe inayotuliza uvimbe, huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haiyeyuki. Na piperini ya pilipili manga hulizuia ini lisiivunje haraka. Ila tusidanganyane kuhusu kipimo. Utafiti wa Japani uliochapishwa 2006 uliwapa wagonjwa waliokwishatulia gramu 2 za kurkumini kwa siku, juu ya dawa zao za kawaida, na waliorudiwa na ugonjwa kati yao wakawa wachache kuliko kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Unga wa manjano una takribani asilimia 3 tu ya kurkumini, kwa hiyo mchuzi haufiki hapo, na dawa za hospitali zisiachwe hata siku moja. Akianza kuharisha damu, acha pilipili manga kabisa, awahi hospitali. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo, asimeze vidonge vya manjano kabla ya kumuuliza daktari.