Jinsi ya kwenda kuwaona AC/DC uwanjani na ukafaidi shoo yenyewe

Kama unawapenda AC/DC, ile bendi ya roki ya Australia, na hujawahi kuwaona laivu, cha kwanza kabisa ni usiseme nitasubiri ziara nyingine. Brian Johnson kazaliwa Oktoba 1947, Angus Young kazaliwa Machi 1955, kaka yake Malcolm ambaye ndo walianzisha naye bendi kule Sydney 1973 alifariki Novemba 2017, na kati ya ziara iliyopita iliyoisha Philadelphia Septemba 2016 na hii ya Power Up iliyoanza Gelsenkirchen Ujerumani tarehe 17 Mei 2024 ilipita karibu miaka minane, wengi wetu tulishajua ndo basi tena. Kwa hiyo ukiona wametangaza mji unaoweza kufika, we anza kupanga siku hiyohiyo.

Jua pia unaenda kumwona nani. Stejini yupo Angus na gitaa lake Gibson SG na yale mavazi ya mwanafunzi, Brian anaimba, Stevie Young ambaye ni mtoto wa kaka yao anapiga lile gitaa la Malcolm, kwenye dramu yupo Matt Laug na besi ni Chris Chaney. Cliff Williams, mpiga besi wa zamani, alistaafu ziara 2016 na mpiga dramu Phil Rudd hayupo, nasema mapema maana kuna watu wanafika pale wanauliza mbona huyu simjui halafu wananuna nusu ya shoo. Laug na Chaney wanapiga vizuri sana, wanaheshimu zile nyimbo, hawaongezi madoido.

Sasa kuchagua mji. Hii ni bendi ya watu wazima na ratiba yao inaonyesha hivyo, hawapigi kila usiku, wanapumzika siku tatu nne katikati, mfano Gelsenkirchen walipiga 17 na 21 Mei, Wembley London wakapiga 3 na 7 Julai. Ukiweza chagua mji wenye shoo mbili. Tiketi zinakuwa nyingi zaidi, na ikitokea umekosa ya kwanza kwa sababu ya ndege au treni bado kuna ya pili ya kukimbilia. Hoteli chukua ile inayoruhusu kufuta bila kukatwa hela, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu msanii wa umri ule akiugua koo shoo inasogezwa na hakuna wa kukulipia usiku wa hoteli. Machi 2016 ndo ilitokea hivyo, Brian aliambiwa na madaktari aache mara moja la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, shoo za Marekani zikasogezwa na baadaye Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akaja kumalizia ziara.

Viza hapa ndo watu wetu wengi wanakwama kwa hiyo nikae nayo kidogo. Ukitokea Dar, Nairobi au Kampala na shoo iko Ujerumani, Uhispania au Italia, unaomba viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila usithubutu kusubiri huko mwisho maana majibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wanaruhusiwa kuvuta mpaka 45, na kupata tu nafasi ya kupeleka makaratasi inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Tiketi ya shoo iambatanishe, inasaidia kueleza kwa nini unasafiri, lakini peke yake haitoshi, wanachotaka kujua zaidi ni kama utarudi, kwa hiyo barua ya kazi, taarifa za benki na mambo ya familia ndo vina uzito.

Na nyie mnaoishi Ulaya mkiwa bado na pasipoti ya nyumbani, sikilizeni vizuri. Kibali cha kukaa Ujerumani au Uholanzi hakikuingizi Wembley wala Murrayfield ya Edinburgh. Uingereza ina viza yake, na Ayalandi nayo ina yake. Watu wananunua tiketi ya London kwa furaha wakidhani ni kupanda treni tu halafu wanakumbuka viza zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya shoo. Anza na viza akilini ndo uchague mji, usifanye kinyume.

Tiketi nunua pale tu ambapo tovuti ya bendi yenyewe inakupeleka. Siku ya mauzo ingia nusu saa kabla, uwe umeshafungua akaunti na kuweka kadi yako, na benki yako uwe umeiambia utafanya malipo ya nje, kwa sababu kadi nyingi za huku kwetu zinagoma malipo ya kwanza ya euro na wakati unapiga simu benki nafasi yako imeshaenda. Ukikosa, tulia. Usikimbilie watu wa mitandaoni wanaosema wana tiketi mbili za ziada, na usinunue nje ya uwanja. Kampuni zilezile zilizouza mwanzo mara nyingi zina sehemu ya mashabiki kuuziana kihalali, na tiketi zinarudi kwa wingi siku chache za mwisho pale watu wanapojua hawawezi kwenda, we kaa unaangalia asubuhi na jioni. Ayalandi kwa sheria ya 2021 ni kosa kabisa kuuza tiketi za matamasha makubwa kwa bei ya juu kuliko ile ya mwanzo, kwa hiyo kule mtu akikupandishia bei ujue anavunja sheria na tiketi yenyewe ni ya wasiwasi.

Wapi ukae au usimame? Hapa nina msimamo mkali. Kila mtu anataka mbele kabisa, kwenye lile eneo lililozungushiwa uzio karibu na steji, na ndo tiketi za kusimama ghali kuliko zote. Kama ndoto yako ni kumwona Angus anatokwa jasho mbele ya macho yako basi lipa, hutajuta. Lakini kama unaenda kwa ajili ya mziki, pale mbele sauti siyo nzuri, spika kubwa zimening'inizwa pembeni na juu zikielekezwa nyuma yako, wewe unapata besi ya chini na dramu tu gitaa linakupita juu ya kichwa. Sehemu tamu ni katikati ya uwanja, mbele kidogo ya kile kibanda ambapo fundi wa saundi amekaa na meza yake. Huyu fundi anapanga kila kitu kwa masikio yake mwenyewe akiwa pale, kwa hiyo ukisimama karibu naye unasikia kile anachosikia yeye. Magitaa mawili yanaachana vizuri, Stevie upande wake na Angus upande wake, na hapo ndo unaelewa ile bendi imejengwaje.

Ukikaa viti vya mbali kabisa jua sauti inachelewa. Inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 100 kutoka stejini unamwona Matt Laug anapiga dramu halafu mlio unafika baada ya karibu theluthi ya sekunde. Ndo maana wanasimamisha ile minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha makusudi ilingane na mlio unaotoka mbele. Viti vya pembeni ngazi ya kwanza vinafaa kwa mtu mwenye magoti mabovu au anayekwenda na mzazi, ila epuka vile vilivyo nyuma ya mnara au vilivyo chini sana ya paa la jukwaa la juu, pale mwangwi unakula maneno yote ya Brian.

Masikio sasa. Hili naomba ulichukue kwa uzito kuliko mengine yote. Ujerumani kuna kiwango cha kitaifa kinachosema wastani wa sauti mahali penye kelele zaidi pa watazamaji usizidi desibeli 99 kwa kila nusu saa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inasema desibeli 85 ni salama kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatika nusu, ukifika 100 unabaki na dakika 15 tu. Shoo inachukua saa mbili na zaidi, bado hujahesabu bendi ya ufunguzi. Piga hesabu mwenyewe. Vizibo vya masikio vinavyopunguza desibeli 18 vikikaa sawasawa vinakushusha kutoka 99 mpaka 81, umeshatoka kwenye hatari. Vile vya sponji vya bei rahisi vinalinda vizuri ila vinaziba zaidi sauti nyembamba na mziki unasikika umefifia, kwa hiyo kama unaweza nunua vile vyenye chujio wanavyotumia wanamuziki, vinapunguza kila kitu kwa usawa na gitaa linabaki gitaa. Vya sponji visokote viwe vyembamba, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika mpaka vitanuke. Mtoto mchukulie vile vikubwa vya kufunika sikio zima. Na kama unafikiri huu ni uoga, kumbuka Brian mwenyewe alishasema masikio yake yaliharibika zaidi kwenye mbio za magari, siku aliyosahau kuvaa vizibo, na akarudi stejini kwa msaada wa teknolojia ya vifaa vya masikioni ya Stephen Ambrose. Mtu alikaribia kupoteza kazi ya maisha yake kwa kusahau kitu cha kutia mfukoni.

Maandalizi ya mziki ni rahisi kwa sababu orodha ya nyimbo haibadiliki sana toka shoo moja hadi nyingine. Sikiliza albamu ya Back in Black ya 1980 yote, halafu zile za enzi za Bon Scott, mwimbaji aliyekuwepo kabla ya Brian, kabla hajafariki Februari 1980, na Power Up ya 2020 ambayo ni ya kumkumbuka Malcolm. Hells Bells ikianza kengele inashuka, na kengele ya asili waliitengenezea Loughborough Uingereza kwa kampuni ya John Taylor, ina uzito wa karibu tani moja. Kwenye Let There Be Rock Angus anabaki peke yake na gitaa muda mrefu sana, wengine wanautumia kwenda chooni, tafadhali usiende. Mzee wa miaka sabini amesimama pale na vidole vinakimbia, hiyo ndo sababu ya safari yote. Mwisho kabisa mizinga inalipuka kwenye For Those About to Rock, wazo walilipata 1981 wakiwa wanarekodi Paris wakasikia mizinga ya harusi ya Charles na Diana. Ukiwa na mtoto mwambie mapema isije ikamtisha.

Siku yenyewe kula vizuri mchana, kunywa maji, vaa viatu ulivyovizoea. Begi viwanja vingi vya Ulaya haviruhusu kuzidi ukubwa wa karatasi ya A4, angalia tovuti ya uwanja, ukija na begi la mgongoni utalipia kulihifadhi au utarudishwa. Tiketi iko kwenye simu kwa hiyo ipakue kabisa kabla hujatoka hotelini kwa sababu watu elfu sitini wakiwa sehemu moja mtandao unakufa, na pawabenki ndogo itie mfukoni. Tisheti nunua ukifika, ukisubiri mwisho saizi za kati zimeisha. Bendi ya ufunguzi isikilize kwa heshima, 2024 walikuwa The Pretty Reckless na mwimbaji wao Taylor Momsen aling'atwa na popo stejini kule Seville akachomwa sindano za kichaa cha mbwa na bado akaendelea na ziara.

Kutoka ndo kugumu. Gelsenkirchen tramu namba 302 inakupeleka stesheni kuu, London ni Wembley Park, na kote mtasimama foleni saa nzima. Angalia kabla treni ya mwisho ni saa ngapi na chukua chumba unachoweza kufika hata ukiikosa. Kama hauna haraka kaa kwenye kiti chako dakika arobaini, acha umati uishe, halafu ndo utoke. Kesho yake masikio yakilia kidogo yapumzishe, usivae hedifoni, usiende baa yenye mziki, na mlio ukizidi siku mbili au sikio moja likasikia hafifu kuliko lingine nenda kwa daktari wa masikio mapema, kwa sababu tatizo la kusikia la ghafla linahitaji kutibiwa ndani ya siku chache za mwanzo.