Mashine ya boti haikojoi au inachemsha? Pita hapa kabla hujanunua impela

Wadau wa baharini na ziwani, hii ni kwa wenye mashine za kufunga nyuma ya boti, hasa hizi Yamaha Enduro za tustroku, za hospawa 15 na 40, zilizojaa pwani yote na Mwanza huko. Kama yako ni ya fostroku usiondoke, njia ya maji ni karibu ile ile.

Kitu kimoja nataka ukishike: mkojo, yaani ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma ya mashine, kuwa hafifu haimaanishi pampu imekufa, na mkojo kutoka kwa nguvu haimaanishi mashine inapoa. Maji yanaingia kwenye matundu pembeni mwa mguu (sehemu ya chini ya mashine inayozama majini), impela ya mpira, yaani kigurudumu chenye mabawa ndani ya pampu, inayozungushwa na shafti ndefu inayasukuma juu kwenye bomba, yanapanda kwenye bloku (mwili wa mashine) na hedi (kifuniko cha silinda), yanapita themostati (valvu inayofunguka kwa joto), halafu mengi yanashuka kutoka pamoja na moshi kule chini. Yale unayoyaona nyuma ni tawi dogo tu, na kwenye mashine nyingi linachepuka kabla ya themostati, kwa hiyo themostati inaweza kuganda imefunga, mkojo unaruka vizuri kabisa huku pistoni zinaungua. Ndio maana tunafuata maji njia nzima, tukianza na vya bure.

Ukiwa majini kwanza. Mkojo ukikata au ukisikia harufu ya rangi kuungua, punguza moto (kasi ya mashine), weka gia huru, angalia nyuma sekunde chache. Hauji? Zima, inua mguu. Mara nyingi sana utakuta mfuko wa plastiki umejibandika kwenye matundu, au kipande cha wavu, na ziwani ni magugu maji. Toa, jaribu tena. Ila kama hedi imeshachemka tafadhali usiimwagie maji ya bahari ili ipoe haraka, alumini ya moto ikipigwa na maji ya baridi inapinda au inapasuka, subiri ipoe yenyewe hata kama mawimbi yanakusumbua, tia nanga.

Nchi kavu sasa. Kabla hujagusa chochote vua kamba ya usalama (ile ya kuzimia mashine) na chomoa waya za plagi, maana ukizungusha propela kwa mkono gia ikiwa imeingia mashine inaweza kuwaka.

Hatua ya 1: tundu la mkojo. Chokoa kwa waya laini au kipande cha mshipi mnene. Mchanga, chumvi, na kwa boti iliyokaa ufukweni muda mrefu, nyigu wanajenga udongo wao humo humo. Ukiweza chomoa kabisa mpira wa mkojo kwenye bloku, tumbukiza mguu kwenye pipa la plastiki la lita 200, maji yafunike lile bawa pana lililo juu ya propela na yapite juu yake kidogo (propela uwe umeshaitoa), washa kwa moto mdogo. Maji yakiruka kwenye bloku, pampu yako ni nzima na tatizo lilikuwa kwenye kimpira cha shilingi mbili tatu.

Hatua ya 2: pima joto la hedi. Mashine ikiwa imewaka dakika kama 5 dondosha matone ya maji kwenye hedi, mbali na plagi. Yakikaa tu na kukauka taratibu, sawa. Yakiruka na kuchemka papo hapo, hedi imepita nyuzi 100, zima hapo hapo, mkojo uwepo usiwepo.

Hatua ya 3: themostati. Ifungue, itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji, washa jiko. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 50 hivi, nyingine 60, mara nyingi namba imechapwa juu yake. Maji yakichemka kabisa na haijafunguka, tupa. Najua wengi wanaitoa na kuendelea bila kitu, lakini mashine ikifanya kazi baridi muda wote mafuta hayaungui vizuri, plagi zinachafuka na kaboni inajaa. Kwa kurudi nyumbani ni sawa, kwa kazi ya kila siku hapana.

Hatua ya 4: hapo ndio unashusha mguu. Angalia fimbo ya gia, kwenye baadhi ya mashine lazima ulegeze nati yake kwanza, na kwenye nyingi za kuanzia 40 kuna bolti imejificha juu ya kile kibawa kidogo nyuma ya propela, weka alama ya mkao wake ndio ukifungue, watu wanapiga nyundo mguu mpaka unapasuka kwa sababu ya hiyo bolti moja. Ukifika kwenye impela usiangalie mabawa tu. Mabawa yaliyopinda na kubaki hivyo, yaliyochanika, hayo utayaona. Usichokiona ni kitovu kuachana na mpira: shika kitovu cha chuma, kaza, jaribu kuzungusha mpira kwa mkono, ukiteleza basi shafti ilikuwa inazunguka peke yake huku impela imekaa. Na kama bawa limekatika tafuta kipande chake mpaka ukipate, kimepanda na maji, kitakwama kwenye bomba au kwenye bloku na impela mpya haitasaidia kitu. Pitisha kucha kwenye bati la chini na kikombe cha ndani, ukihisi mifereji ya mchanga nunua seti nzima ya pampu.

Hatua ya 5: kufunga, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Kile kiufunguo kidogo kinachoshikisha impela kikae kwenye shafti, paka impela grisi kidogo au maji ya sabuni, zungusha shafti kwa mwendo wa saa huku unashusha hauzingi (nyumba ya pampu) ili mabawa yalale upande wake. Meno ya shafti yapate grisi pembeni, sio kwenye ncha ya juu, ikijaa hapo shafti haiingii mpaka mwisho. Halafu bomba la maji: lazima liingie sawasawa kwenye mpira wake juu ya pampu. Tumia tochi, tazama ndani wakati mguu unapanda, mwenzako aushike. Likikaa pembeni maji yote yanamwagika ndani ya mguu, nawe utasema umeuziwa impela feki.

Rudisha kwenye pipa. Kama bado inachemsha na pampu ni mpya, angalia mkojo: ukitoka kwa kukatakata wenye mapovu, gasketi ya hedi inapitisha moshi. Ukitoka mwembamba sikuzote, ni chumvi kwenye bloku, fungua hedi uchokoe kwa mkono na uloweke kwa siki. Asidi ya betri usiiguse, inakula alumini. Na chumvi hiyo inazuilika, kila ukitoka baharini washa mashine kwenye maji yasiyo na chumvi dakika 10, ili ipate joto, themostati ifunguke na bloku yote ioshwe.