Ukipeleka wanafunzi Magadi, beba chupa tupu

Mwalimu mwenzangu wa jiografia, ukipewa basi la shule kwa siku moja tu, nenda Magadi, mji ulio kando ya Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi. Nimeshapeleka kidato cha pili huko mara kadhaa. Safari ya kwanza niliharibu: nilianza somo ziwani, saa saba mchana, watoto wamejibana kwenye kivuli cha basi wakinitazama kama mtu aliyewaleta kuwaadhibu.

Somo linaanzia Kona Baridi, ukishapita Kiserian. Ondokeni Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Mkifika, teremsha wote, hata wanaosinzia. Watalalamika baridi, waache watetemeke kidogo. Pimeni joto, mwandike. Kisha chukua chupa ya plastiki iliyokwisha maji, funga kifuniko hapo hapo kwa nguvu, umkabidhi yule mtundu kuliko wote na umwambie asiifungue. (Utakuwa umepata amani ya safari nzima.)

Mbele ni kuteremka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Magadi karibu 600. Waambie wageuke nyuma waangalie vilima vya Ngong: upande wa Nairobi kijani, upande huu migunga, mawe na mbuzi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda vilima, hupoa na kumwaga mvua kule. Ukishuka huku umeshakauka. Kivuli cha mvua wanachokariri darasani, hiki hapa.

Simameni Olorgesailie nusu saa. Mashoka ya mawe ya watu wa kale bado yamelala chini kwa wingi, na udongo mweupe unaouona ni wa ziwa lililokauka zamani. Ukame huu nao una historia yake.

Magadi yenyewe, iteni ile chupa. Itakuwa imebonyea kama iliyokanyagwa, na hakuna aliyeiminya. Usieleze haraka. Wabishane kwanza, ndipo uwaambie kwamba hewa ya huku chini ni nzito kuliko ile iliyofungiwa kule juu. Mwaka mmoja tulipima digrii 14 Kona Baridi na 35 Magadi, saa tano asubuhi. Usiwadanganye kwamba tofauti yote ni ya mwinuko. Joto huongezeka kama digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Wapige hesabu, kinachobaki ni jua lililopanda na ardhi isiyo na kivuli.

Kabla ya kuonyesha ziwa, uliza ni nani nyanya yake hutia magadi kwenye maharagwe. Mikono itapanda. Basi ndiyo haya. Chemchemi za moto zinazozunguka ziwa huleta chumvichumvi, ziwa halina mto wa kutokea, na jua hukausha maji. Kinachobaki ni tabaka la magadi lenye unene unaofika mita 40 mahali pengine. Kampuni ya kuchimba magadi ilianza hapa mwaka 1911, ikafuata reli ya tawi kutoka Konza. Magadi yakishachomwa kiwandani huenda kutengenezea vioo. Maji ya kunywa ya mji, hata hivyo, huvutwa kwa bomba kutoka upande wa Nguruman.

Usiruhusu mtu akanyage ziwa bila mwenyeji wa kuwaongoza. Lile gamba jeupe linadanganya. Mguu wangu ulizama hadi kifundo. Ngozi iliwasha siku mbili na kiatu kikakauka kama mbao, nikakiacha huko huko. Kwenye chemchemi inatosha kuinama na kuangalia: samaki wadogo kuliko kidole wanaogelea kwenye maji ya digrii 40 wakila mwani.

Nendeni Juni hadi Agosti. Januari na Februari joto halina huruma. Hesabu lita tatu za maji kwa kila mtoto, mjaze mafuta Kiserian, na saa nane muwe njiani.

Chupa isifunguliwe bado. Basi likipanda mtaisikia ikilialia, tak, tak, na mkifika Kona Baridi itakuwa imejinyoosha.