Ubao na kasia kwenye maji ya Uganda: majira, upepo na wenzako

Wengi wetu tuliokuja Uganda kwa kazi au masomo, kutoka Mwanza, Mombasa, Kisumu au Bukavu, tunaishi jirani na maji: Entebbe, Munyonyo, Jinja. Kusimama juu ya ubao na kupiga kasia hakuchukui muda kujifunza. Kinachotaka akili ni kujua utoke lini, wapi na nani.

Nianze na upepo, maana ndio unaowatia watu mashakani. Usiku nchi kavu hupoa, na upepo hutoka bara kwenda ziwani, mchana hugeuka. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi maji ya Entebbe huonekana yametulia kabisa, kumbe unasukumwa ndani taratibu. Asubuhi fuata ufuko, usikate ghuba. Ikifika saa nne au tano, upepo wa ziwani ukianza kuinua mawimbi, geuza. Ukikuzidi nguvu, piga magoti. Ukizidi tena, lala kifudifudi, bana kasia chini ya kifua, piga maji kwa mikono.

Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, na dhoruba zinazojijenga usiku mara nyingi hufika pwani ya kaskazini asubuhi, saa ileile tunayoipenda. Ngurumo ya kwanza ikisikika, toka majini, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Juni hadi Agosti mvua hupungua ila upepo wa kusini huchafua ziwa. Waulize wavuvi mwaloni kabla hujaushusha ubao. Miezi hiyo mimi ningekwenda Bunyonyi, kule Kabale, ziwa lililozungukwa na vilima ambako hakuna mamba wala kiboko. Liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta na nguo kavu: ukianguka asubuhi utatetemeka.

Jinja inataka uangalifu wake. Maporomoko ya Bujagali yalizama bwawa la umeme lilipojaa mwaka 2011, na juu ya bwawa pametulia, pazuri kwa kikundi. Lakini Nile bado ni mto. Kamba ya ubao ifungwe kiunoni kwa mkanda unaofunguka kwa kuvuta mara moja, isifungwe kifundoni. Ikinasa kwenye mti au mzizi, maji yanayokwenda hayatakupa nafasi ya kuufikia mguu. Ziwani kamba ya mguuni inafaa, maana ubao ndio chombo chako cha kujiokoa. Chini ya bwawa waachie wenye kuongozwa na wataalamu.

Jaketi la kuokolea livaliwe na lifungwe, hata kama umekulia Ukerewe na unaogelea vizuri. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, zaidi ya watu 30 wakafa, na walikuwa karibu na nchi kavu.

Mkitoka kikundi, mwendo ni wa yule anayekwenda polepole kuliko wote, na mzoefu akae nyuma, si mbele. Kabla ya kutoka, kila mgeni aanguke makusudi pale maji yanapomfika kifuani, kisha apande tena: ashike mpini wa katikati, anyooshe miguu nyuma hadi ielee, apige mateke na kujivuta kwa tumbo. Asiyeweza asivuke hapo siku hiyo. Mwachieni mtu wa nchi kavu saa ya kurudi na namba ya polisi, 999 au 112. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, mwilini mwako.

Kichocho kipo Victoria na Nile. Konokono wake hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo ingilia gatini au penye mchanga mtupu, na jikaushe mara utokapo. Wiki sita hadi nane baadaye kapime. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa uzito wa mwili, basi usinunue ya kukisia dukani.