Timu ya shule na daftari la taaluma: mwongozo kwa mwalimu wa michezo wa sekondari ya kata

Ukikabidhiwa michezo katika sekondari ya kata huku Dodoma, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni jezi. Wanafunzi watauliza, wazazi watauliza, na mgeni rasmi wa mahafali ataahidi jezi kabla hujamwomba. Jezi ziweke mwisho. Timu nyingi za shule hukwama kwa mambo mawili: mazoezi yanayogongana na masomo, na mpira mmoja unaogombewa na watoto thelathini. Nitakupa utaratibu ninaoutumia mimi, mwalimu wa jiografia ambaye mchana anashika chaki na jioni anashika filimbi.

Hatua ya 1: Panga mwaka ukianzia kwenye mitihani

Chukua karatasi moja kubwa. Andika mitihani kwanza: kidato cha sita Mei kama shule yako inacho, mock katikati ya mwaka, kisha kidato cha pili na cha nne mwishoni, kuelekea Novemba. Baada ya hapo ndipo uandike UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, ambayo fainali zake za taifa kwa kawaida huangukia Juni, zikitanguliwa na michujo ya ngazi za chini hadi mkoa. Ukishaviona vyote pamoja, mwaka unajigawa wenyewe: Januari hadi Mei ni msimu wa timu ya shule, Julai kuendelea ni ligi ya madarasa.

Kidato cha nne wanatoka kwenye timu wakirudi kutoka likizo ya Juni. Hapa ndipo walimu hulegea, kwa sababu kipa na nahodha huwa wa kidato cha nne, na shule jirani imeomba mechi ya kirafiki mwezi wa nane. Kataa. Waache wakimbie mbio nyepesi mara mbili kwa wiki, maana mtoto aliyezoea kucheza ukimkalisha ghafla hasomi zaidi, anasinzia tu. Lakini kusafiri na timu, hapana.

Mvua zetu hunyesha Desemba hadi Aprili, kwa hiyo sehemu ya msimu utaikuta uwanja ni tope. Siku hizo tumia darasa tupu kufundisha sheria za mchezo. Wachezaji wengi wa shule hawazijui, hasa za netiboli.

Hatua ya 2: Weka ratiba ya wiki inayojali safari ya kwenda nyumbani

Siku tatu zinatosha, saa 10:00 hadi 11:15 jioni. Muda huo haukuchaguliwa kwa ajili ya mpira. Wanafunzi wa kutwa wanatembea mbali, jua linazama baada ya saa 12 kidogo, na binti anayefika nyumbani gizani atakatazwa michezo na mzazi wake, tena kwa haki. Uwanja unafungwa saa 11:15 hata kama bao la kusawazisha linanukia.

Angalia pia jikoni. Kama siku hiyo makande hayakupikwa, mazoezi yawe ya kupasiana mpira polepole, si ya kukimbia. Maji kila mtu aje na chupa yake, hasa Septemba na Oktoba joto linapopanda.

Hatua ya 3: Fungua daftari la wachezaji, ukae na mwalimu wa taaluma

Kila mchezaji apate ukurasa wake: jina, kidato, alama za mtihani wa mwezi kwa kila somo, vipindi alivyokosa kwa sababu ya michezo na tarehe alipovifidia. Mpe kila mchezaji mwenza wa darasani anayemwandikia notsi, na akague mwalimu wa somo ndani ya wiki moja. Usiposimamia hili wewe mwenyewe, halitafanyika.

Sasa suala linaloleta ugomvi kwenye kikao cha walimu: aliyefeli afukuzwe kwenye timu? Mimi nasema asifukuzwe, apunguziwe. Alama zikishuka katika masomo mawili, siku moja ya mazoezi inageuka kuwa siku ya kujisomea mpaka mtihani wa mwezi unaofuata. Zikishuka tena, mechi za nje ya shule zinasimama, mazoezi yanabaki. Ukimtoa kabisa, mara nyingi umekata kamba pekee iliyokuwa inamleta shuleni.

Na zungumza naye kwa hesabu. Matokeo ya kidato cha nne yanahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Daraja la pili ni pointi 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25. Mchezaji mwenye C nne na D tatu ana pointi 24, daraja la tatu. Akizipandisha zile D tatu kuwa C anapata 21, yupo daraja la pili. Kijana anayejua kusoma msimamo wa ligi anaielewa hesabu hiyo mara moja, na anatoka na majina ya masomo matatu ya kushughulikia.

Hatua ya 4: Nunua kwa mpangilio huu

Mipira kwanza. Lenga mpira mmoja kwa wachezaji watano. Kwa sekondari, soka ni namba 5, mzingo sentimita 68 hadi 70, na netiboli pia ni namba 5. Chagua iliyoshonwa badala ya iliyogandishwa kwa gundi. Miiba ya migunga na mbigiri itaitoboa tu, na ulioshonwa fundi viatu anaweza kuufumua, akabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli na kuushona tena. Nunua pampu mbili na sindano nyingi, na sindano ilowanishwe kabla ya kuingizwa. Kwenye uwanja mgumu usijaze upepo hadi mpira uwe jiwe.

Pili, sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, pamba, plasta, glavu, dawa ya kusafishia kidonda. Taulo za kike ziwemo humo pasipo mjadala. Juni hadi Agosti kuna upepo mkali wenye vumbi, kwa hiyo mjue mapema nani ana pumu, na dawa yake ya kuvuta iwe pembeni ya uwanja. Aliyegongwa kichwa harudi mchezoni siku hiyo.

Tatu, vya kutengeneza hapa hapa. Fundi wa kuchomelea akupe nguzo za netiboli zenye urefu wa mita 3.05 hadi kwenye ringi, na ringi ya nondo ya milimita 16 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 380. Vijiti vya mbio za kupokezana kata kwenye bomba la plastiki, sentimita 28 hadi 30, ukilainisha ncha kwa msasa.

Riadha ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote, na kanda hii ina mfano wake: Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Viatu vya njumu ni vya nne. Usinunue kwa majina ya wachezaji, nunua kwa saizi, vibaki mali ya shule. Kinga za ugoko zitangulie viatu kama fedha ni kidogo.

Jezi za mwisho. Andika jina la shule na namba tu. Ukiweka mwaka au jina la mfadhili wa msimu mmoja, mwakani zitaonekana kuukuu. Nyeupe iepuke kabisa: vumbi jekundu la huku halitoki. Wasichana wapate taiti za kuvaa chini ya sketi, na anayetaka suruali ndefu na mtandio apewe. Kondoa na Chemba utapoteza wachezaji wazuri kwa kulazimisha sketi fupi.

Fedha zipite kwenye bodi ya shule na akaunti ya shule, na kila manunuzi yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mchango wa wazazi ni wa hiari, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake.

Hatua ya 5: Chora uwanja

Njia ya mbio ya mita 200 inaingia ndani ya uwanja wa soka. Pima mistari miwili iliyonyooka ya mita 50, ikiwa mbali mita 31.8. Katikati ya kila ncha piga kigingi, funga kamba ya mita 15.9, zungusha nusu duara. Chimba mfereji mdogo kwa jembe kabla ya kumwaga majivu, vinginevyo upepo utaufuta mstari kabla ya Ijumaa. Chokaa ambayo haijazimwa usiitumie, inaunguza macho na ngozi.

Hatua ya 6: Mkienda kambini, nenda na mwalimu wa hisabati

Nafasi za walimu kwenye msafara ni chache, na kishawishi ni kuzijaza na makocha. Timu ya shule haihitaji makocha watatu. Mchukue mwalimu wa hisabati au Kiingereza awe mlezi wa timu, prepo, yaani muda wa kujisomea, iwe saa 1:30 hadi 3:00 usiku, na daftari lile la wachezaji lisafiri nanyi. Kila mchezaji abebe vitabu viwili, si begi zima.

Hatua ya 7: Stoo

Kila kifaa kiwe na namba iliyoandikwa kwa rangi, na mstari wake kwenye leja. Kiranja wa michezo anatoa na kupokea, wewe unasaini Ijumaa. Funguo ziwe mbili, moja yako, nyingine kwa mkuu wa shule. Kabla ya kufunga shule Desemba, toa mipira upepo nusu, osha viatu na uvitundike juu, maana panya wa stoo hupenda kamba za viatu kuliko mahindi.